Wi-Fi ya Ubuntu inayokatika-katika

Kaka, kama simu inashika vizuri kwenye ruta hiyohiyo na laptopu ndiyo inayokatika kila ukiiacha dakika chache, usihangaike na ruta. Mimi ningeanza na mpangilio wa kuokoa betri: NetworkManager, programu ya Ubuntu inayosimamia mtandao, huiruhusu kadi ya Wi-Fi isinzie, na kadi nyingine zikishasinzia kuamka ni kazi. Fungua terminali:

sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Penye wifi.powersave = 3 weka 2. Ndiyo, 2 ndiyo kuzima; 0 huirudisha kwenye mpangilio wa kawaida tu, wengi hukosea hapo. Hifadhi, kisha:

sudo systemctl restart NetworkManager

Ikikatika tena, endesha journalctl -u NetworkManager (huonyesha kumbukumbu za programu hiyo) utuwekee hapa mistari ya dakika ileile ilipokatika.