Nyonga ya bandia na mbuzi ya nazi

Mama ana miaka 74, alivunjika nyonga, kawekewa ya bandia. Daktari anasema inaweza kuchomoka. Si bora tungemwacha tu? (Tanga)

Mkamwacha aoze mgongo kitandani, apate na nimonia? Hapana. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 ulifuatilia wagonjwa karibu 1,500 waliovunjika shingo ya paja, kwa miaka miwili. Waliobadilishiwa nyonga nzima, iliyumba au kuchomoka kwa asilimia 4.7 ya wagonjwa. Waliowekewa nusu, yaani kichwa tu, asilimia 2.4, maana kichwa chao ni kikubwa na kinajaa vizuri kwenye kikombe cha asili. Kwa hiyo ulizeni mama kawekewa ipi.

Bibi yetu kakatazwa kigoda, lakini jirani aliyefanyiwa operesheni hiyohiyo anakaa atakavyo. Tumsikilize nani?

Si operesheni hiyohiyo. Kuna wanaopasuliwa kwa nyuma na wanaopasuliwa kwa ubavuni au mbele. Aliyepasuliwa kwa nyuma, misuli inayozuia kiungo kisitoke huko imekatwa na kushonwa, na miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi. Huyo goti lake lisipande juu kuliko nyonga, asipachike mguu juu ya mwenzake, wala asiulaze mguu kwa ndani. Nilimpokea bibi mmoja wiki ya tano baada ya operesheni, nyonga imechomoka, chembe za nazi bado zimeganda kwenye kanga. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya futari. Familia ilijua bili ya hospitali mpaka shilingi ya mwisho. Hakuna aliyejua kapasuliwa upande gani. Hilo swali muulizeni daktari kabla hamjapanda teksi. Na kama mgonjwa ameanza kusahausahau, msitegemee atakumbuka masharti. Awe na mtu.

Naomba namba ya mkandaji mzuri wa nyonga.

Sina, na mwezi huu wewe ni wa nne. Chuma hakikandwi.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Chukueni kiti cha plastiki kigumu, fundi akitoboe katikati, kiwekwe juu ya shimo. Kama ni kifupi, inueni miguu ya kiti kwa mbao zilizofungwa imara, si matofali ya kuteleza. Na kuswali, aswali amekaa kwenye kiti.

Nitajuaje imechomoka?

Hutahitaji kubahatisha. Maumivu ya ghafla, hawezi kukanyaga, mguu umefupika na mara nyingi umegeukia ndani. Usiuvute. Mlaze, weka mto katikati ya miguu, tafuta gari atakalolala, bajaji itamkunja. Hospitali watapiga picha, kisha watamlaza usingizi, tumbo likiwa tupu, wairudishe. Kwa hiyo ule uji mnaopenda kumnywesha mgonjwa njiani, uacheni nyumbani.