Jina la bibi kwenye daftari la michango

Swali lenu la wiki hii linauliza: Mungu alipokuongoza njia moja na watu wako wakitarajia nyingine, ulifanya nini, na ulijuaje kuwa ni Mungu na si ukaidi wako? Nimelisoma mara mbili. Aya za kulijibu zipo nyingi, lakini mimi nitajibu kwa harusi yangu.

Ilikuwa mwaka 2014, kwetu Marangu. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Singida, mimi nesi wa zahanati. Posa ilishapokelewa, mahari imezungumzwa, na kamati imeundwa chini ya uenyekiti wa baba mdogo, ambaye ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita. Bajeti ilifika shilingi milioni 14: ukumbi, mapambo, magari, video, keki, mbuzi wawili wa ndafu, na sherehe ya kuniaga kabla ya hapo. Tarehe ikapangwa Desemba, maana Desemba ndipo Wachaga tunaporudi nyumbani na hakuna atakayesema hakualikwa. Kadi ya mtu mmoja ilikuwa 50,000, ya wawili 100,000.

Jioni moja ya mwezi wa tano mweka hazina aliniomba nihamishe majina kutoka daftari lililochakaa kwenda jipya. Umeme ulikuwa umekatika. Nikakaa jikoni na taa ya chemli, naandika jina baada ya jina. Ukurasa wa tatu nikakuta jina la bibi mmoja mjane wa jumuiya yetu, muuza ndizi sokoni. Ahadi 50,000, ameshalipa 30,000. Wiki ile ile nilikuwa nimekutana na mjukuu wake barabarani saa nne asubuhi, na sare zake na begi mgongoni, amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Ada ya sekondari ya kutwa ya serikali wakati ule ilikuwa 20,000 kwa mwaka mzima.

Sikusikia sauti wala sikuota ndoto. Lilinijia tu lile neno Bwana Yesu alilowasema waandishi, kwamba wanakula nyumba za wajane. Nikajaribu kulifukuza. Nikajiambia michango ni upendo, ndivyo tunavyobebana, na bibi mwenyewe alichangiwa mabinti zake walipoolewa. Yote hayo ni kweli. Lakini kila nilipopiga magoti neno lilikuwa pale pale, na halikumsema baba mdogo wala kamati. Lilinisema mimi, kwa sababu asubuhi ile nilipompita yule mtoto nilikuwa natoka kupima gauni.

Nilimpigia mchumba wangu. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema, "Nilikuwa naogopa kukuambia. Mimi nimeshaanza kuulizia mkopo." Tukaenda kwa mchungaji. Nilitegemea atatusifu au atatukemea. Akaniuliza swali moja tu: "Binti yangu, kuna mtu kwenye kamati unayetaka kumkomesha?" Sikuweza kumjibu haraka. Akatuagiza tusubiri wiki mbili, tuombe, tusimwambie mtu, na tukishindwa kuliacha jambo hili, wa kwanza kusikia awe baba yangu, faraghani, kabla ya kikao chochote. Alisema kama ni hasira itachoka yenyewe, na kama ni Mungu nitazidi kutulia. Sehemu ya pili ya swali lenu sina jibu lake zaidi ya hilo. Wiki ya kwanza nilikuwa nabishana na watu kichwani, nikitunga majibu makali. Ya pili ikaisha nikiwa sina hata jibu moja, ila uamuzi umebaki vile vile.

Baba alinisikiliza akichambua maharage, hakuinua uso. Mwisho akasema, "Utamwambia mwenyewe mdogo wangu. Mimi nitakuwa nimekaa karibu yako."

Kikao kilikuwa kigumu kuliko nilivyodhani. Nilipiga magoti nikaomba ruhusa ya kusema, nikashukuru kwanza, kisha nikaomba tufunge ndoa Jumapili ya kawaida baada ya ibada, matangazo yakikamilika, tunywe chai na watu waliopo, na fedha zilizokwisha kutolewa zirudishwe kwa wenyewe. Shangazi akasema watu watadhani nina mimba. Mwingine akauliza kama nimehamia dhehebu. Baba mdogo aliongea mwishoni, kwa sauti ya chini: "Uso wetu tutauweka wapi?"

Nimelitafakari swali lake miaka yote hii. Mfalme Sauli alipokosea vitani dhidi ya Waamaleki, alikiri kwa nabii Samweli kwamba aliwaogopa watu, ndiyo maana akafuata sauti yao. Hapo wahubiri wengi huishia. Someni mbele kidogo, 1 Samweli 15 aya ya 30. Ameshaambiwa kuwa ufalme umeondoka mkononi mwake, na bado anachoomba ni kwamba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Nikisoma pale namwonea huruma, maana namjua. Nilikuwa tayari kumkamua mjane ili niheshimiwe mbele ya wazee. Na watu tunaowaogopa mara nyingi si maadui zetu. Ni waliotulipia ada. Ndiyo maana inauma, na ndiyo maana ni rahisi kumwambia Mungu asubiri hadi Desemba.

Sasa niseme nilipokosea, kwa sababu kumtii Mungu katika jambo moja hakukunipa akili katika mengine yote. Zile 30,000 za bibi nilimpelekea mwenyewe, kwenye bahasha, nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda haki. Akaitazama bahasha, hakuipokea. "Umeniona mimi maskini?" akaniuliza. "Mama yako alipojifungua wewe, nani alimpikia mtori?" Nikasimama uani kwake, sina la kusema. Nilikuwa nimemhurumia kama jina kwenye daftari, sikuwa nimemkumbuka kama mama yangu. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua 20,000, akasema hizo ni za mtoto, na 10,000 akanirudishia mkononi, akasema hizo ni za harusi na nisithubutu kuzikataa. Jumapili ya ndoa akaja na mkungu wa ndizi kichwani, ukapikwa machalari siku ile ile. Tangu hapo nikisikia mtu anasema "Mungu ameniongoza," natamani nimuulize kama amekwenda pia kukaa uani kwa wale uamuzi wake unaowagusa.

Baba mdogo hakuongea nami mpaka mwaka 2017, tulipomzika bibi mzaa baba. Siku hizi tunasalimiana vizuri, anawapenda wanangu. Kuhusu harusi hajawahi kusema kitu.

Asubuhi ya ndoa hatukuwa na gari la kukodi. Baba alivaa koti lake la ibada, akanishika mkono, tukatembea kwa miguu kwenda kanisani, mama na wadogo zangu nyuma wakiimba. Njia inapita mbele ya geti la baba mdogo. Lilikuwa limefungwa. Baba akasimama, akawaashiria wanaoimba wanyamaze, akapiga hodi. Akasubiri. Akapiga tena, mara tatu zote. Ndani tulisikia redio, kisha redio ikazimwa. Baba akarekebisha koti lake, akanishika mkono tena, tukaendelea kupanda kilima.