Core i5-12400F au Ryzen 5 7600 kwa michezo?
Kati ya prosesa hizo mbili ulizotaja, zote zikiwa na viini 6, ningekushauri uchukue Ryzen ya AMD, kwa kuwa ina kasi zaidi katika michezo na soketi yake ya AM5 (sehemu ya ubao mama inayoshika prosesa) imeendelea kupokea vizazi vipya, ilhali LGA1700, soketi ya Core i5 hiyo ya Intel, iliishia kizazi cha 14. Hata hivyo, AM5 hukubali RAM (kumbukumbu ya kompyuta) ya aina ya DDR5 pekee. Iwapo tayari unayo DDR4, aina ya awali ambayo Intel hiyo bado huikubali, Intel itakupunguzia gharama, na fedha itakayobaki, kwa maoni yangu, yote iende kwenye kadi ya michoro. Zingatia pia kwamba herufi F humaanisha prosesa haina michoro ya ndani, hivyo bila kadi hiyo skrini haitaonyesha chochote.