Taco Cabana ilianzaje?

Ndiyo, kama umesikia kwamba Taco Cabana, migahawa ya vyakula vya Kimeksiko huko Marekani, chanzo chake kilikuwa maegesho ya magari, ni kweli. Felix Stehling alikuwa na baa mjini San Antonio, Texas. Akanunua jengo la jirani lililokuwa tupu, zamani mgahawa wa Dairy Queen, ili wateja wa baa wapate pa kuegesha. Mwaka 1978 akaanza kuuza taco (chapati za tortila zilizokunjwa zikiwa na nyama ndani) hapo hapo. Inasimuliwa kwamba usiku wa kwanza meza na viti vya nje viliibwa, ndipo akaamua asifunge kabisa, saa 24. Kwangu mimi hilo ndilo lililoijenga: watu wa zamu ya usiku walipata tortila za moto alfajiri.

Ila usiiache kesi ya Taco Cabana na washindani wao, migahawa ya Two Pesos ya Houston, waliofungua mwaka 1985 wakiwa na baraza na rangi kali zinazofanana mno na zao. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani iliipa Taco Cabana ushindi: mwonekano wa mgahawa, ukiwa wa kipekee, unalindwa kisheria. Mwaka uliofuata wakawanunua hao Two Pesos. Wanasheria wanaisoma kesi hiyo hadi leo.