Fernando Colunga: alikotokea na tamthilia ya kuanza nayo

Mkuu umeuliza Colunga, yule mwigizaji wa tamthilia za Mexico, alitokea wapi na uanze kumwangalia kwenye ipi, ngoja nikujibu maana tamthilia za huyu jamaa nimekesha nazo sana, enzi zile tunakodi CD kibandani, ikikwama katikati ya ugomvi unaitoa unaipangusa na fulana unairudisha.

Jamaa kazaliwa Mexico City 1966, kasomea uinjinia wa ujenzi, uigizaji umekuja baadaye. Kwenye tamthilia ya Dulce desafío, mwishoni mwa miaka ya 80, hata sura yake hukuiona, alikuwa anamfanyia stanti Eduardo Yáñez, yaani stelingi akitakiwa kuanguka anaanguka Colunga. Akapita shule ya waigizaji ya Televisa, kampuni ya televisheni ya Mexico, akapewa vinafasi kwenye María Mercedes na Marimar, mpaka 1995 wakamuweka na Thalía kwenye María la del Barrio, yeye ndo Luis Fernando, mtoto wa kitajiri mlevi aliyekufa akaoza kwa binti muokota taka.

Hapo hakamatiki tena, Esmeralda 1997, La usurpadora 1998. Najua mtanirushia mawe ila La usurpadora ni ya Gabriela Spanic bwana, kacheza mwenyewe Paola na Paulina, wanawake wawili wanaofanana sura, Colunga pale kazi yake kuhamaki na kudanganywa, mke kabadilishwa ndani ya nyumba yake na hajui! Mwanaume gani huyo.

We anza na Amor real ya 2003. Ni Meksiko ya karne ya 19, Colunga ni daktari Manuel, kaachiwa mali na baba yake, anamuoa Matilde (Adela Noriega) ambaye moyo wote uko kwa mwanajeshi mmoja. Akishajua ukweli sasa muangalie vizuri, hapayuki, taya linakaza, sauti inashuka, anamfanyia mkewe ukorofi huku macho yanamsaliti. Mimi sijaona akicheza vizuri kuzidi pale.

Sinema kafanya chache, tafuta Ladrón que roba a ladrón (2007), wezi wawili wanakusanya wahamiaji wa Los Angeles wakamuibie tajiri anayeuza madawa feki kwenye tivii, utacheka. 2023 karudi na El maleficio, safari hii ndo mbaya wa hadithi.

Ila Amor real ipate ya Kihispania chao chenyewe yenye maandishi chini, ukikuta ya kuingiziwa sauti achana nayo, ile sauti yake ndo nusu ya Manuel.