Uliza Benchi: Mastaa wamezeeka, timu ianzie wapi?

Barua nyingi za safari hii zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: timu ya NBA ambayo nguzo zake zimekula umri inajijengaje upya? Tumechagua sita. Viwango vya fedha tutakavyotaja ni vya msimu wa 2025-26, kwa kuwa hupangwa upya kila mwaka.

SWALI: Timu ninayoipenda ina mastaa watatu wa miaka 33, 34 na 36. Msimu uliopita ilishinda mechi 47. Nitajuaje kama imekwisha au imeteleza tu? – Shabiki Mvumilivu

JIBU: Usianze na pointi. Pointi ndizo hufa mwisho, maana mwenye mkono mzuri ataendelea kufunga hata miguu ikishachoka. Anza na mitupo huru. Mchezaji aliyezoea kupata minane kwa mechi akishuka hadi mitano, ujue hafiki tena chini ya ringi kugongana na watu. Anasimama katikati ya njia na kutupa kutoka mbali. Halafu chukua mechi ya pili kati ya zile zinazochezwa siku mbili mfululizo, nenda robo ya tatu, umtazame yeye peke yake kila timu inapopoteza mpira. Hatua tatu za kwanza za kurudi nyuma zinasema kila kitu: anakimbia, au anatembea huku akimwangalia mwamuzi? Mwisho, hesabu mechi alizokosa kwa misimu miwili pamoja. Msimu mmoja unaweza kuwa ni bahati mbaya ya kifundo cha mguu.

Yote matatu yakiharibika kwa wachezaji wawili kati ya watatu, hiyo si kuteleza.

Hata hivyo umri peke yake hauamui. San Antonio Spurs walitwaa ubingwa mwaka 2014 wakiwa na Tim Duncan wa miaka 38 na Manu Ginobili wa miaka 36. Msimu ule walishinda mechi 62 na hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi. Benchi lao ndilo lililobeba mzigo wa Novemba hadi Machi, wazee wakafika mtoano wakiwa na pumzi.

Kwa hiyo kabla hujahukumu, chora jedwali. Andika majina yote 15 ya kikosi, na mbele ya kila jina weka umri, mshahara, mwaka mkataba unapoisha, na kama kuna mwaka wa hiari, nani mwenye hiari hiyo: timu au mchezaji. Utaona mikataba mingi inaishia mwaka mmoja. Huo ndio mwaka wa timu yako kufumuliwa, upende usipende. Mwenye busara huanza kazi miezi 18 kabla yake.

SWALI: Mmiliki ni bilionea. Kwa nini asilipe tu, akaleta vijana wakali huku wazee wakibaki? – Mwenye Haraka

JIBU: Kwa sababu NBA haiendeshwi kama soka. Hakuna ada ya uhamisho. Mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji au kwa chaguo la drafti (mgawo wa kila mwaka ambapo timu huchagua vijana wapya kwa zamu, raundi kwa raundi), na mishahara ya pande mbili lazima ikaribiane. Juu ya hapo kuna mistari minne ya fedha, mmoja juu ya mwingine: kikomo cha mishahara, dola milioni 154.6; mstari wa kodi ya anasa (tozo kwa timu inayouvuka), milioni 187.9; aproni ya kwanza, yaani mstari unaoleta vikwazo vya usajili, milioni 195.9; na aproni ya pili, yenye vikwazo vikali zaidi, milioni 207.8.

Fanya hesabu hii kwa timu yako. Staa mwenye miaka 10 au zaidi ligini anaweza kuanza mkataba kwa asilimia 35 ya kikomo. Mwenye miaka saba hadi tisa, asilimia 30. Ukiwa na wawili wa kwanza na mmoja wa pili umefika asilimia 100. Watu watatu wamemaliza kikomo chote! Kutoka hapo hadi aproni ya pili zinabaki kama milioni 53 za kugawia watu 12, yaani milioni 4.4 kwa kila mmoja. Kwa fedha hiyo hupati beki wa pembeni anayelinda na kufunga kutoka kona. Unapata wakongwe wa mshahara wa chini, ambao mkataba wao wa mwaka mmoja huhesabiwa takriban milioni 2.3, na hapo umeongeza uzee juu ya uzee.

Bilionea akiamua kuvuka aproni ya pili, kinachomuumiza zaidi ya kodi ni kufungwa mikono. Haruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili apate mmoja mkubwa. Hapati nafasi maalumu ya kusajili mchezaji huru wa kiwango cha kati. Hawezi kuweka fedha taslimu kwenye makubaliano. Chaguo lake la raundi ya kwanza la miaka saba mbele linagandishwa, na akiendelea kuwa juu ya mstari kwa miwili kati ya misimu minne inayofuata, chaguo hilo linasukumwa hadi mwisho wa raundi hata kama timu imekuwa ya mwisho kabisa.

Phoenix Suns wameyaonja haya. Februari 2023 walimchukua Kevin Durant kwa Mikal Bridges, Cam Johnson, Jae Crowder, machaguo manne ya raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2028, yaani mwenye haki huchukua nafasi ya drafti iliyo bora kati ya hizo mbili. Miezi michache baadaye wakamwongeza Bradley Beal, mwenye kipengele cha kukataa kuhamishwa. Msimu wa 2024-25 walishinda 36, wakapoteza 46, mtoano wakausikia redioni. Kiangazi kile Durant akaenda Houston, na Beal akavunjiwa mkataba.

SWALI: Tukikubali kuuza, tuuze nani, lini, na tudai nini? – Mchambuzi wa Kijiweni

JIBU: Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na hapa ndipo timu nyingi huharibu.

Uza kwanza yule ambaye bado anatamaniwa, si yule aliyekuchosha. Mkongwe aliyebakiza misimu miwili ya mkataba ana thamani mara mbili: mnunuzi anapata nafasi mbili za kuwania ubingwa, na bado atakuwa na haki za Bird za kumsainisha tena hata akiwa juu ya kikomo. Akibakiza miezi minne, mnunuzi anakodisha tu, na atalipa bei ya kukodi.

Wengi hudhani mkongwe akiondoka bure, mshahara wake unageuka nafasi ya kusajili. Hesabu inakataa. Timu inalipa milioni 180, mchezaji wa milioni 30 anamaliza mkataba na kwenda zake. Sasa inalipa milioni 150. Chini ya kikomo zimebaki milioni 4.6 tu! Njia bora iliyobaki ni ile nafasi maalumu ya kiwango cha kati, milioni 14.1. Umepoteza mtu wa 30 na unarudisha wa 14, tena kama yupo sokoni anayekubali kuja. Los Angeles Clippers walimpata Paul George mwaka 2019 kwa Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana nafasi. Mwaka 2024 George akasaini Philadelphia, Clippers wasipate kitu. Oklahoma City nao walitumia mojawapo ya machaguo yale kumchukua Jalen Williams, wa 12 katika drafti ya 2022, na mwaka 2025 wakawa mabingwa.

Wakati wa kuuza ni miwili: siku zinazozunguka drafti mwishoni mwa Juni, na wiki za mwisho kabla dirisha halijafungwa Februari. Juni soko ni pana kwa sababu timu zote 30 bado zina ndoto. Februari ni chache, lakini zile chache zina njaa.

Upande wa kudai, fuata mpangilio huu. Kwanza, kijana mmoja aliye katika mkataba wake wa kwanza, mwaka wa pili au wa tatu, ili umwone kabla hujamlipa. Pili, machaguo ya miaka ya mbali, minne au mitano mbele, maana mnunuzi anayemtaka mkongwe leo ndiye atakayekuwa mzee wakati huo. Tatu, soma kinga, yaani sharti linalomruhusu anayetoa chaguo kubaki nalo likiangukia nafasi za juu, neno kwa neno. Chaguo lenye kinga ya nafasi 10 za juu halikufikii pale timu ile inapovurunda, na pale ndipo ulipolihitaji. Nne, mishahara inayorudi iwe imegawanyika. Mchezaji wa milioni 40 akibadilishwa na wawili wa milioni 20, kesho unaweza kumuuza kila mmoja peke yake. Angalia tu nafasi kikosini: mikataba ya kawaida ni 15, kwa hiyo kila anayezidi lazima mtu aachwe, na anayeachwa analipwa.

Usikimbilie kuvunja mkataba na kutawanya deni. Kanuni ni miaka iliyobaki mara mbili, jumlisha mmoja: miwili inakuwa mitano. Ndivyo ilivyokuwa kwa Beal, na Phoenix wanabeba zaidi ya milioni 19 kila msimu kwa mtu asiyevaa jezi yao.

SWALI: Kwa nini tusiongeze staa mwingine mzoefu tujaribu mara ya mwisho? – Moyo Haujakubali

JIBU: Tunauelewa moyo huo, lakini tazama Brooklyn Nets, 2013. Walimchukua Kevin Garnett wa miaka 37, pamoja na Paul Pierce na Jason Terry wa miaka 35. Boston wakapewa machaguo ya raundi ya kwanza ya 2014, 2016 na 2018, na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017. Unaona miaka ilivyoruka? Kanuni ya Stepien inakataza timu kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza kwa drafti mbili mfululizo zijazo, ndiyo maana ule mwaka wa katikati ukazibwa kwa haki ya kubadilishana. Kanuni ikatimizwa, ghala likabaki tupu.

Nets walishinda raundi moja ya mtoano. Pierce aliondoka baada ya msimu mmoja. Msimu wa 2016-17 walishinda mechi 20, wakawa wa mwisho katika ligi, na nafasi ya kwanza ya drafti ikaenda Boston. Kutokana na machaguo yale Celtics walimpata Jaylen Brown, kisha Jayson Tatum baada ya kushuka hadi nafasi ya tatu kwa makubaliano na Philadelphia. Mwaka 2024 hao wawili walibeba kombe.

Timu inayokula mbegu zake haina haja hata ya kushindwa makusudi, kwa kuwa mavuno ni ya jirani.

SWALI: Basi tushindwe makusudi tupate nafasi ya kwanza? – Njia ya Mkato

JIBU: Nani achague kwanza huamuliwa kwa bahati nasibu kati ya timu zilizokosa mtoano. Katika bahati nasibu za 2019 hadi 2025, timu tatu za mwisho zilikuwa na asilimia 14 kila moja ya kupata nafasi ya kwanza, na ya mwisho kabisa ilikuwa na karibu asilimia 48 ya kuangukia nafasi ya tano. Mwaka 2025 Dallas walishinda wakiwa na asilimia 1.8, wakamchukua Cooper Flagg. Cheza vijana kwa sababu wanahitaji dakika, na matokeo yatakuja yenyewe. Kumfundisha mtu wa miaka 20 kwamba kupoteza ni mpango ni hasara ambayo drafti hailipi.

SWALI: Je, haiwezekani kulea vijana huku wazee wakiendelea kushindania ubingwa? – Mpenda Yote

JIBU: Inawezekana kwa kijana anayefanya kazi ambayo mzee hawezi tena, siyo anayeingoja kazi ya mzee. Juni 2011, Duncan akiwa na miaka 35, Spurs walimtoa George Hill, gadi mzuri na kipenzi cha kocha, wakampata Kawhi Leonard aliyechaguliwa wa 15. Hawakumwomba afunge. Walimpa mfungaji hatari wa timu pinzani amlinde, na kona ya kutupia. Miaka mitatu baadaye, akiwa na miaka 22, akawa mchezaji bora wa fainali.

Golden State walijaribu kwa njia nyingine. Walimchukua James Wiseman, wa pili katika drafti ya 2020, senta anayehitaji kushika mpira na kukosea mara nyingi ndipo ajifunze. Timu ya Stephen Curry haikuwa na nafasi ya makosa hayo. Walitwaa ubingwa wa 2022 bila yeye kucheza hata mechi moja msimu ule kwa sababu ya goti, na Februari 2023 wakamtoa.

Kwa hiyo kijana wa kwanza unayemtafuta awe mlinzi wa pembeni mwenye mikono mirefu anayefunga kutoka kona. Mpe dakika 18 hadi 22 kila mechi, ziwe zilezile hata akikosea, na zitoke kwenye dakika za yule mkongwe wa miaka 36 katika mechi za siku ya pili mfululizo. Chini yake weka watatu wenye mkataba wa pande mbili, wanaoruhusiwa kuwa katika kikosi cha NBA hadi mechi 50 na siku nyingine wakacheza timu ya maendeleo. Hawaruhusiwi mtoano, kwa hiyo ukimwona mmoja wao ameiva, mgeuzie mkataba kuwa wa kawaida kabla msimu haujaisha, na uwe umeacha nafasi moja kati ya zile 15 kwa ajili hiyo.