Wasomaji Wauliza: Muziki Upi, na kwa Saa Gani?

Katika wiki chache zilizopita tumepokea barua kadhaa za wanafunzi wa vyuo vya Unguja na Pemba ambazo, ingawa kila moja imeandikwa na mtu wake, zote zinazunguka jambo moja: muziki unaofaa kwa hali fulani na kwa wakati fulani. Kwa kuwa mimi ni mtu mzima na masikio yangu yamezoea mambo ya zamani, sikutaka kujibu peke yangu. Niliwaomba wanafunzi kumi na mmoja, baadhi yao kutoka Tunguu na wengine kutoka Wete na Chake Chake, waniandikie wanachokisikiliza na saa wanayokisikiliza. Majibu yao nimeyachanganya na yangu, na pale tulipotofautiana sikuficha.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili. Katika dahalia yetu chumbani tumo wanne, na kila mmoja ana muziki wake wa kudurusia. Mimi napenda taarab, lakini nikiiweka wakati wa kusoma hujikuta nimefika mwisho wa ukurasa bila ya kujua nilichokisoma. Mwenzangu mmoja anasoma huku akisikiliza nyimbo za Kikorea asizofahamu hata neno moja, na mitihani anafaulu. Je, tatizo ni taarab au ni mimi?
*Mwanafunzi wa kike, Tunguu*

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Tatizo si wewe wala si taarab. Ni kwamba Kiswahili unakijua vizuri mno. Wimbo wa taarab hutungwa ili maneno yake yasikilizwe. Mtunzi hupima mizani, hupanga vina, kisha hulizika ndani yake fumbo ambalo msikilizaji hana budi kulifukua, na akili iliyoshughulika kufukua fumbo haiwezi wakati huo huo kushika nadharia za ufundishaji. Mwenzako yuko salama kwa sababu kwake yeye sauti ya yule mwimbaji wa Kikorea ni ala tu, sawa na fidla. Siku atakapoanza kujifunza lugha hiyo, na nasikia wako wanaojifunza, yatamfika yaliyokufika.

Hata hivyo, huna haja ya kuihama taarab. Taarab yetu ya asili ina sehemu isiyokuwa na maneno kabisa, nayo ni bashraf, kipande kinachopigwa na ala peke yake ambacho kwa desturi hufungua onyesho kabla ya mwimbaji kusimama. Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, zote zimepiga bashraf kwa miaka mingi, na baadhi zimerekodiwa. Zitafute hizo. Uzuri wake kwa msomaji ni kwamba zina sehemu inayorudi rudi, kiasi kwamba sikio likishaizoea huacha kungojea jambo jipya, na ile ala iitwayo kanuni, ambayo ina nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, huujaza ukimya wa chumba bila ya kukuita jina. Mwanafunzi mmoja wa uhasibu aliniandikia kwamba yeye ameifanya bashraf kuwa saa yake. Huianza pamoja na kitabu, huiacha ijirudie, na inapomalizika mara ya tatu huinuka, hunywa maji, hunyoosha mgongo dirishani, kisha hurudi kwenye hesabu zake. Amesema kuwa siku hizi hata akiisikia mahali pengine mkono wake hutafuta kalamu.

Mwengine alinipendekezea kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, ya Toumani Diabaté wa Mali, hasa albamu ya *Kaira* ya mwaka 1988 ambayo aliipiga peke yake, akasema kwamba inafaa sana baada ya sala ya Alfajiri. Nimeijaribu asubuhi tatu. Kwa kusoma fasihi nakubaliana naye. Kwa kazi yenye hesabu, asubuhi ya pili nilisinzia juu ya karatasi, lakini pengine huo ni umri.

Yupo pia aliyesema kwamba kwake hakuna muziki unaomfaa zaidi ya kuzima kila kitu. Kwa yale yanayohifadhiwa neno kwa neno, naona yeye ndiye mwenye haki. Na kwa nyote mnaosomea kwa hedifoni, Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki. Chumbani hamna kipimo cha desibeli, najua, lakini ikiwa mwenzako wa kitanda cha pili anaufuatilia wimbo ulio masikioni mwako, punguza.

SWALI: Ninatoka Wete na huu ni mwaka wangu wa kwanza hapa Unguja. Jioni, hasa baada ya Magharibi, hamu ya nyumbani hunishika mpaka nashindwa kula. Wenzangu wananiambia niweke nyimbo za kuchangamsha, lakini nikiziweka naona ndiyo zinanizidishia. Nisikilize nini?
*Mpemba mgeni wa mji*

JIBU: Kijana wangu, nyimbo za kuchangamsha zinakuzidishia kwa sababu hazikubaliani nawe. Mtu akiwa na huzuni kisha akaletewa kelele za furaha hujiona yuko peke yake zaidi kuliko alivyokuwa. Anza na muziki unaokaa pamoja nawe palepale ulipo.

Mimi katika hali hiyo humrudia Siti binti Saad. Huyu alikuwa mtoto wa Fumba, aliyetembeza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kujulikana kwa sauti yake, na mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Zile santuri za wakati ule zilichukua kiasi cha dakika tatu kwa upande mmoja, na nakala zake zinazosikika leo bado zina mchirizo wa sindano, kama samaki anayekaangwa kwenye chumba cha pili. Wengine mchirizo huo unawakera. Mimi naupenda, kwa sababu unanikumbusha kwamba sauti ile imetoka mbali hadi kunifikia, na mtu aliye mbali na kwao hufarijika na kitu kilichosafiri. Zaidi ya hayo, dakika tatu ni kiasi kizuri cha kulia. Kosa ni kuuweka wimbo mmoja ujirudie mpaka saa sita za usiku; hapo huusikilizi tena wimbo, unajisikiliza mwenyewe.

Nilipowauliza Wapemba wenzako, na kati ya wale kumi na mmoja ni watano, wanne walinijibu karibu jambo moja bila ya kushauriana: baada ya wimbo wa huzuni, kibati. Wewe huhitaji kuelezwa, ila wasomaji wetu wa nje ya Pemba wajue kwamba kibati ni majibizano ya maneno yanayokwenda kwa kasi kubwa juu ya mapigo ya ngoma, na kwamba raha yake imo katika kutaka kujua mjibuji atatokaje. Mmoja wao anacho kibati alichokirekodi kwa simu kwenye harusi ya jamaa yake karibu na Chake Chake. Kina dakika mbili tu. Katikati ya majibizano mtoto analia, jogoo anawika wakati si wake, na sauti ya mwanamke inasema, "Nipisheni na sinia langu." Amesema kwamba hamu ya nyumbani inapomshika hukiweka hicho, na anaposikia lile sinia hucheka, kwa sababu mwenye sinia ni mama yake. Nami nadhani wewe pia, likizo ijayo, usirudi Unguja mikono mitupu.

SWALI: Sisi ni kamati ya sherehe ya kuwaaga wahitimu wa chuo chetu. Walimu watakuwepo, na baadhi ya wazazi. Nusu ya kamati inataka taarab, nusu inataka Zenji fleva, yaani muziki wa kisasa wa vijana wa Zanzibar, na muziki wa bara, na mpaka sasa tumekutana mara tatu bila ya kuafikiana. Tafadhali tuamulie.
*Kamati, Mjini Magharibi*

JIBU: Hili ndilo swali lililowagawa hata washauri wangu, na mimi siwezi kuwaamulia kwa kuchagua upande, kwa sababu mnabishana juu ya aina ya muziki hali ya kuwa linalowatatiza ni mpangilio wa saa. Wageni wanapoingia na kutafuta viti, wekeni taarab ya asili, kwa sauti ya chini, ili wazee wapate kuamkiana. Wakati wa chakula vivyo hivyo. Hotuba zikimalizika, ndipo sherehe yenyewe inapoanza, na hapo ushauri wangu ni neno moja: kidumbaki.

Nawaomba msiniharakishe katika hili. Kidumbaki ni ndugu mdogo wa taarab, lakini ni yule ndugu asiyekaa kitini. Panakuwa na fidla moja, ngoma mbili ndogo ambazo ndizo zilizokipa jina, cherewa za kutikiswa, vijiti vya mkwasa vya kugongwa, na sanduku, yaani kasha la mbao lililofungwa uzi mmoja kwenye mti, ambalo mpigaji wake huubana na kuulegeza mti ule na kutoa sauti nzito ya chini inayosikika tumboni kabla ya kusikika masikioni. Mwimbaji huchukua nyimbo ambazo wazee wanazijua tangu zamani na kuziunganisha moja baada ya nyengine pasipo kusita, na mapigo huzidi kupanda. Kwa hiyo mzazi anayataka maneno, atayapata. Kijana anataka kucheza, atacheza. Na hakuna atakayesema amenyimwa. Kukodi kikundi kidogo cha namna hii hakuhitaji jukwaa kubwa. Mkitaka kujua mfano wa muziki wa kwetu unavyowachezesha watu wa rika zote, nendeni Ngome Kongwe mwezi wa Februari, kwenye tamasha la Sauti za Busara linalofanyika tangu mwaka 2004.

Baada ya hapo wazee wataaga wenyewe, na ukumbi utakuwa wenu. Kwa saa hiyo wanafunzi wamenipa mapendekezo mengi ya Zenji fleva kiasi kwamba nafasi haitoshi, lakini jina lililojirudia zaidi ni la Siti & The Band, kikundi cha hapa hapa kinachoitia taarab ladha ya jazi, fanki na rege. Ni daraja zuri la kutoka kwenye kidumbaki kwenda kwenye vitu vyenu vyengine.

Sasa kuhusu rusha roho, ambayo wanakamati wawili wameiomba kwa kuipigia mstari. Mimi siidharau taarab ya kisasa. East African Melody walituchezesha sana, na Bibi Khadija Kopa, aliyepitia Culture Musical Club kabla ya kwenda kung'ara bara, ana ulimi ambao sidhani kama una mfano. Ila mpasho una mwenyewe. Katika ukumbi wa Kizanzibari wimbo haumalizikii kwenye spika. Mtu akisimama kwenda kutunza katika ubeti fulani, ukumbi mzima hugeuza shingo kutazama ni nani aliyekusudiwa.

Nilipokuwa chuoni nilipewa kazi ya kuweka kanda kwenye sherehe kama hiyo yenu, na nikaweka wimbo mmoja wa mpasho kwa sababu tu mdundo wake ulinipendeza. Ulipofika ubeti wa pili, dada mmoja aliinuka kutoka viti vya nyuma, akapita katikati ya ukumbi kwa mwendo wa taratibu, noti ya shilingi mia mbili ikiwa juu ya ncha za vidole, akaizungusha mbele ya meza moja, kisha, kwa kuwa mwimbaji hakuwepo, akaja kuiweka juu ya spika yangu. Waliokaa kwenye meza ile hawakuigusa pilau. Mimi niliulizwa kwa wiki mbili ni nani aliyenituma.

Kwa hiyo, mkiiweka rusha roho, mmoja wenu ausikilize kila wimbo mpaka ubeti wa mwisho kabla ya siku yenyewe, na awe ni mtu anayezijua habari za chuo.

SWALI: Mwezi wa Ramadhani tufanyeje na muziki?
*Msomaji, Wete*

JIBU: Hukumu yake muulize maalim wako, kwani mimi ni mjibu barua tu. Ninachoweza kukueleza ni kwamba wengi wa wanafunzi walioniandikia huziweka kando nyimbo zao na kubakia na kasida za sauti na dufu, ambazo kwa kweli zinaufaa utulivu wa kungojea futari. Mwenzako mmoja wa hapo hapo Wete ameniandikia kwamba muziki anaoupenda kuliko wote katika mwezi huo ni ngoma ya kuamshia daku, inapoanzia mbali, ikapita chini ya dirisha lake akiwa bado hajafumbua macho vizuri, kisha ikaenda ikififia kuelekea mtaa wa pili.